Butembo: Kalkulateri ya gari ikiungua, tafuteni kwanza kilichoiunguza

Mjini Butembo, shoferi akisema kwamba kalkulateri ya gari yake imekufa, wenzake wanamuangalia kama mtu aliyepata msiba. Wanajua kinachofuata: siku kadhaa bila kazi, pesa ya kununua kifaa cha okazioni kinachotoka Kampala au Dubai, na mara nyingi kifaa hicho kinafika na kukataa kufanya kazi. Wengine wanaishia kuuza gari kwa bei ya hasara.

Kalkulateri ni sanduku dogo la chuma, karibu ukubwa wa kitabu, linaloongoza moteri. Ni kweli kwamba linaweza kuharibika. Lakini mara nyingi linashitakiwa bila kosa, na hata pale limeungua kweli, kuna kitu kingine kilicholiunguza. Asiyekitafuta kitu hicho atanunua kalkulateri ya pili, kisha ya tatu. Hayo niliyaona kwa macho yangu, kwenye gari ya yaya wangu.

Silinda ya tatu

Yaya ana Corolla ya mwaka 2004 yenye usukani kuume, kama magari mengi yanayoingia mashariki ya inchi yetu kupitia Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi, ingawa sisi Wakongomani tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Anabeba wasafiri kati ya Butembo na Beni, karibu kilometa 54 kwenye barabara ya taifa namba 2. Kwenye barabara hiyo, hakuna shoferi anayependa moteri imzimikie njiani, hasa jua likikaribia kuzama. Mukaaji wa eneo letu hahitaji kuelezwa sababu.

Asubuhi moja moteri ilianza kutetemeka. Taa ya njano iliwaka kwenye tablo, na kwenye milima gari ikapanda kwa shida. Yaya aliipeleka kwenye garaji ya karibu. Skaneri iliandika P0303, maana yake silinda ya tatu haiwaki vizuri. Fundi akabadilisha bujii zote nne. Hakuna kitu. Akabadilisha bobini ya silinda ya tatu. Hakuna kitu. Akaleta injektere ya okazioni. Bado. Mwishowe akafuta mikono na kusema kwamba ni kalkulateri.

Yaya alinunua moja ya okazioni kwa muuzaji wa piesi mjini, dola 130. Ilipofungwa, moteri ikatulia kama mpya. Siku mbili akafanya kazi yake kwa furaha. Siku ya tatu, akirudi kutoka Beni na wasafiri wanne, gari ikaanza tena kutetemeka. Skaneri ikaandika tena P0303.

Hapo ndipo ugomvi ulianza. Yaya alienda kwa muuzaji kudai pesa yake, akisema ameuziwa kifaa kibovu. Muuzaji akajibu kwamba kifaa cha umeme kikishafungwa kwenye gari hakirudishwi, na kwamba siku mbili za kufanya kazi ni ushahidi kwamba kilikuwa kizima. Maneno yalipanda, watu wakajaa, kila mmoja akatishia kumpeleka mwenzake polisi. Ni wakati huo mtu mmoja aliyesimama pale alitushauri kumuona fundi wa umeme wa magari, mzee mmoja anayefanya kazi peke yake chini ya mabati.

Ulizo moja tu

Mzee huyo hakushika chombo chochote kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza yaya:

— Kalkulateri ya kwanza ilikufa kwenye silinda gani?

— Ya tatu, papa.

— Na hii ya pili?

— Ya tatu vilevile.

— Basi, mwanangu, kalkulateri mbili zilizotoka kwenye magari mawili haziwezi kupatana zife fasi moja. Kuna kitu ndani ya gari yako kinachoziua. Tukitafute hicho kwanza.

Aliitoa bujii ya tatu na kuinusa. Ilikuwa kavu, bila harufu ya esanse. Akatuonyesha: silinda ambayo bobini yake imekufa inapata esanse bila moto, kwa hiyo bujii inatoka imelowa. Hii imetoka kavu. Maana yake esanse haifiki, injektere haifunguki.

Akachomoa plagi ya injektere ya tatu, akafunga hapo taa ndogo ya kupimia, na kumuambia yaya awashe moteri. Taa haikumeta. Akaihamisha kwenye injektere ya pili, ikameta haraka haraka. Akapima: voliti 12 ziko kwenye waya mmoja wa injektere ya tatu kama inavyotakiwa. Waya wa pili, unaokwenda kwenye kalkulateri, haukukatika. Basi ni kalkulateri haitumi amri. Fundi wa kwanza hakudanganya: ilikuwa imeungua kweli.

Lakini mzee hakuishia hapo. Alifuata ule waya wa pili kwa vidole, sentimeta kwa sentimeta, mpaka nyuma ya moteri. Pale fungu la nyaya linapita karibu na kipande cha chuma kinacholishikilia. Kwa miaka, mitikisiko ya barabara ilikuwa imelisugua. Nyaya mbili zilikuwa zimebaki uchi, zikigusana kila moteri inapoyumba: ule wa injektere ya tatu, na mwingine unaobeba voliti 12 moja kwa moja.

Namna kifaa kinavyoungua

Ili kuelewa ajali hiyo, tujue kazi ya kalkulateri. Inapokea habari kutoka kwa kapteri nyingi: ile inayohesabu mizunguko ya moteri, ile ya joto la maji, ile inayopima hewa inayoingia, ile ya oksijeni kwenye bomba la moshi, na ile ya pedali ya esanse. Ikishapokea habari hizo, inaamua wakati wa kupiga moto kwenye bujii na muda ambao kila injektere itabaki wazi. Muda huo unahesabiwa kwa elfu za sekunde. Kwenye magari mengi, kalkulateri hiyo hiyo inaamuru pia pampu ya esanse na feni ya radiateri, na pengine bwate ya vitesi otomatiki.

Injektere inapata voliti 12 upande mmoja wakati wote kontakti ikiwa wazi. Kalkulateri inaifungua kwa kuunganisha upande wa pili na masi, yaani ardhi ya gari. Kazi hiyo inafanywa ndani ya sanduku na transista ndogo. Injektere nyingi za aina hii zina ukinzani wa oma kati ya 12 na 16, ndiyo maana umeme unaopita hapo ni mdogo, karibu ampere moja. Lakini waya uliochubuka ukigusana na voliti 12, umeme haupiti tena ndani ya injektere. Unaingia moja kwa moja kwenye transista, bila kizuizi. Transista inaungua haraka, hata kabla ya fizibli kukatika.

Hiyo ndiyo sababu kalkulateri ya pili iliishi siku mbili: ilingoja tu nyaya zile ziguse tena. Muuzaji hakuwa mwizi. Fundi wa kwanza hakuwa mwongo. Alichokosa ni kuuliza sababu.

Si kila mara ni yenyewe

Mafundi wa umeme wanakubaliana juu ya jambo moja: kalkulateri inapaswa kuwa ya mwisho kushitakiwa. Kuna makosa mengine yanayoonekana kama kifo chake.

La kwanza ni batiri na masi. Batiri nzima iliyopumzika inaonyesha karibu voliti 12.6, na moteri ikizunguka, dinamo inapaswa kuipandisha kati ya 13.5 na 14.5. Umeme ukipungua sana, au waya wa masi ukishika kutu, kalkulateri inaanza kutoa amri za ajabu, na taa nyingi zinawaka kwa pamoja. Kukwangua kutu kwenye boloti ya masi kunaweza kumaliza shida bila kununua kitu.

La pili ni rele na fizibli zinazolisha kalkulateri. Rele kuu ikifa, sanduku halipati umeme, na skaneri inashindwa kuzungumza nalo.

La tatu linawadanganya hata mafundi wazoefu. Kalkulateri inagawa voliti 5 kwa kapteri nyingi kwa pamoja. Kapteri moja ikigusisha umeme huo na masi, voliti 5 zinaanguka kwa zote, na gari inakuwa kama haina kalkulateri. Dawa yake ni kuchomoa kapteri moja moja huku ukipima. Voliti 5 zikirudi, umempata mwenye kosa.

Nambari za skaneri nazo zinasaidia, lakini hazihukumu. P0303 inasema tu kwamba silinda ya tatu haiwaki. Haisemi kwa nini. Nambari zinazogusa kalkulateri yenyewe ni kama P0601, inayohusu kumbukumbu yake ya ndani, au P0606, inayohusu ubongo wake. Hata hizo zinatakiwa kuhakikishwa baada ya kupima batiri na masi. Tena, skaneri ndogo za bei rahisi zinazounganishwa na telefone hazisomi vizuri magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Skaneri ikikosa jibu, si lazima kalkulateri iwe imekufa.

Wakati kosa linatoka kiwandani

Kuna magari ambayo kalkulateri yake ilitoka kiwandani na udhaifu. Mwezi wa nane 2010, Toyota iliita tena karibu magari milioni 1.13 ya aina ya Corolla na Matrix ya miaka 2005 hadi 2008, yaliyouzwa Marekani na Canada. Sababu ilikuwa nyufa zilizoweza kutokea kwenye vibao vya kalkulateri, pale vifaa vidogo vimeunganishwa kwa risasi. Moteri iliweza kukataa kuwaka, kubadilisha vitesi kwa kishindo, au kuzimika gari ikiwa njiani. Wenye magari hayo walibadilishiwa kifaa bila kulipa.

Kwetu hali ni nyingine. Gari ya okazioni inafika baada ya kupitia mikono mingi, na mara chache mnunuzi anajua kama mwenye kwanza aliitikia mwito wa kiwanda. Ndiyo sababu ni vizuri, kabla ya kununua gari iliyotoka Amerika ya Kaskazini, kuchukua namba yake ya shasi yenye herufi na tarakimu 17 na kuitafuta kwenye intaneti, mahali kampuni husika inapoonyesha magari yaliyoitwa tena.

Namba ndiyo kitambulisho

Kosa kubwa kwa wanunuzi ni kuchagua kalkulateri kwa macho. Masanduku mawili yanaweza kufanana kwa umbo na plagi, lakini moja ni la vitesi vya mkono na jingine la bwate otomatiki, au moja ni la moteri ya ukubwa mwingine. Kitambulisho cha kweli ni namba iliyobandikwa juu yake. Kwa Toyota, namba ya kalkulateri ya moteri kwa kawaida inaanza na 89661, kisha kunafuata kistari na herufi au tarakimu nyingine tano. Sehemu ya kwanza inasema ni kifaa gani. Ile ya pili inasema ni cha gari gani. Zote mbili zinatakiwa kulingana. Piga picha ya namba ya kifaa chako kabla ya kwenda sokoni au kumtuma mtu Kampala.

Kisha kuna mambo ya ufunguo. Gari nyingi za miaka ya karibuni zina ulinzi dhidi ya wizi: ndani ya ufunguo kuna chipi, na gari inakubali kuwaka ikiitambua tu. Ukifunga kalkulateri ya gari nyingine, inatafuta ufunguo wake wa zamani. Moteri inakataa, au inawaka sekunde moja na kuzimika. Wengi wanadhani wameuziwa kifaa kibovu, kumbe ni kizima ila hakiwajui.

Kuna njia tatu za kutoka hapo. Ya kwanza ni kununua kalkulateri pamoja na ufunguo wake na kifaa chake cha ulinzi, vyote kutoka gari moja. Wauzaji wa piesi wa Ulaya wanaviuza pamoja kama fungu moja. Ya pili ni fundi mwenye kompyuta kuhamisha kumbukumbu kutoka sanduku la zamani hadi jipya. Ya tatu, kwenye baadhi ya Toyota ambazo kifaa cha ulinzi kimetengana na kalkulateri, ni kuzifundisha zitambuane: tundu la 4 na la 13 la plagi ya uchunguzi yanaunganishwa kwa kipande cha waya, kontakti inaachwa wazi nusu saa, na mara nyingi vifaa viwili vinapatana. Njia hii ifanywe na anayeijua gari hiyo, kwa sababu tundu moja likikosewa, hasara inarudi upya.

Pia kuna mafundi wa elektroniki wanaofungua sanduku na kubadilisha transista iliyoungua au kuunganisha upya risasi iliyopasuka. Kazi ikifanywa vizuri, inaondoa shida ya namba na ya ufunguo, kwa sababu kumbukumbu inabaki ile ile.

Kuifunga kwa utaratibu

Gari ya yaya haikuwa na ulinzi wa ufunguo, kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi. Mzee alianza kwa nyaya: akazisafisha, akaunganisha kila mmoja kwa risasi, akauvika bomba lake la plastiki, kisha akalifunga fungu lote mbali na kile chuma. Akapima pia injektere ya tatu, kwa sababu injektere iliyokufa ndani inaweza kuunguza transista kama waya uliochubuka. Ilikuwa nzima.

Ndipo akafungua waya wa masi kwenye batiri na kungoja dakika chache. Kabla ya kushika sanduku, aligusa chuma cha gari, kwa sababu umeme mdogo unaobaki mwilini mwa mtu unaweza kudhuru vifaa vya ndani. Kwenye Corolla hiyo kalkulateri inakaa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Aliangalia meno ya plagi moja moja: hakuna lililopinda, hakuna kutu. Akasukuma plagi mpaka zikasikika zimeshika, akarudisha batiri, akaiacha moteri izunguke polepole bila kugusa pedali, ili kalkulateri ijifunze upya mwendo wa kupumzika. Baadaye alifuta makosa ya zamani kwenye skaneri na kumtuma yaya apande mlima na kurudi. Taa ya njano haikuwaka tena.

Yanayoweza kuepukwa

Kalkulateri nyingi zinauawa na mazoea yetu. Kuosha moteri kwa maji ya nguvu kunaingiza maji kwenye plagi. Kupachika nyaya za batiri kinyume wakati wa kuwashiana gari kunaweza kuunguza sanduku mara moja. Kuunganisha chuma cha gari kwa umeme wa kulehemu, bila kufungua batiri, ni hatari vilevile. Dinamo inayotoa umeme kupita kiasi nayo inaua polepole. Kioo cha mbele kinachovuja wakati wa mvua kinaweza kulowesha sanduku lililofichwa chini yake bila shoferi kujua.

Na kabla ya kulipa, mwenye gari ana haki ya kumuuliza fundi maulizo matatu: umepima nini mpaka ukajua ni kalkulateri? Ni kitu gani kilichoiunguza? Namba ya hii mpya inalingana na ya zamani? Fundi anayeijua kazi yake hatakasirika.

Kalkulateri ya tatu yaya aliinunua kwa muuzaji yule yule. Kwanza alimuomba msamaha mbele ya vijana wa duka waliokuwa wamesikia matusi. Muuzaji alicheka, akampunguzia dola 30. Tulipopiga hesabu jioni ile, tuliona kwamba gharama isiyoepukika ilikuwa kalkulateri moja na mshahara wa mzee. Bujii, bobini, injektere, kalkulateri ya katikati na siku tisa bila kazi vilikuwa bei ya kutouliza.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, yaya alikuwa tena kituoni akiita wasafiri wa Beni. Sanduku lililoungua amelihifadhi nyumbani. Anasema siku moja atampata fundi wa kubadilisha ile transista, na ndugu mwingine mwenye Corolla kama yake hatalazimika kununua.